Bolti Kumi za Noah

Barabara inayoacha lami ya Bukoba–Muleba pale Muhutwe na kuparamia Kamachumu haina huruma na rejeta mbovu. Noah ya abiria, ile ya zamani yenye injini ya 3S, ikipanda huko na watu waliobanana na mikungu ya ndizi juu ya keria, mshale wa joto hupanda nao. Dereva mwenye busara husimama. Dereva anayewaza hesabu ya jioni huongeza maji na kusonga mbele, na haipiti muda mrefu injini iko chini kwenye gereji ya Rwamishenye, imefumuliwa yote, hedi imepelekwa kuskimiwa, na juu ya gunia zimepangwa bolti kumi zinazong'aa kwa oili.

Zifanywe nini? Hoja iliyo mezani ni hii: injini ikifumuliwa, bolti za hedi na za konirodi zitupwe zote, zifungwe mpya. Wazungumzaji ni wa kutunga, na majina sikuwapa. Maneno yao hayatoki hewani, kaa kwenye gereji yoyote ya Bukoba hadi Muleba utayasikia. Mwalimu wa ufundi magari anaunga mkono hoja, fundi mkongwe anaipinga. Muuza spea amefika kwa sababu anajua mjadala ukiisha mtu atafungua pochi. Mwenye pochi ni mama mfanyabiashara wa Muleba, ndiye mwenye Noah. Mwanagenzi yuko kando anaosha vyuma kwa dizeli, na hakuna aliyemkaribisha kusema.

MWALIMU: Shikamoo mzee. Nitaanza na hizi za hedi. Kitabu cha 3S kinasema kaza kwa toki ya nyutoni mita 49, halafu achana na toki, zungusha digrii 90. Ile robo ya mzunguko ndiyo kazi yenyewe. Inaivuta bolti mpaka mahali ambapo chuma kikiachiwa hakirudi tena kwenye urefu wake. Imetengenezwa ivutwe hivyo makusudi, kwa sababu ikiwa imevutika ndivyo inavyobana hedi kwa nguvu iliyo sawa kwa bolti zote kumi. Sasa ukiifungua na kuifunga tena, unavuta kitu kilichokwisha kuvutwa. Na gari hii imetoka Japani mtumba. Imefunguliwa mara ngapi huko, na mara ngapi hapa? Hakuna ajuaye.

FUNDI: Marahaba, mwalimu. Umesema vizuri, kama kitabu. Mimi nimefunga hedi nyingi kwa bolti zilezile zilizotoka, na magari yapo, yanakwenda Biharamulo na kurudi.

MWALIMU: Yanayorudi unayaona. Lililofia Biharamulo lilivutwa kwa fundi wa Biharamulo. Halikuja kukusimulia.

FUNDI: (anacheka) Haya waitu. Tuseme nimekubali, natupa hizi kumi. Nipe mpya. Ziko wapi?

Wote wanamgeukia muuza spea, na hapa ndipo mjadala wa Bukoba unapoachana na mjadala wa mahali ambapo mteja hupiga simu kwa wakala wa kampuni na kesho yake anapokea kifurushi.

MUUZA SPEA: Nisiwafiche. Spea za mji huu zina njia zake. Kuna za Kampala, soko la Kisekka, zinazoingilia Mutukula. Kuna za Kariakoo, zinazokuja kwa basi au zinazopitia Mwanza na kuvuka ziwa. Na kuna zinazong'olewa kwenye injini za mtumba, hizo watu wanaziamini kuliko zote. Mpya zinaletwa kwenye boksi, na boksi linachapwa popote. Mteja anaingia dukani anauliza, "OG ipo?" Nikimtajia bei anauliza, "Na ile nyingine?" Basi naleta ile nyingine.

FUNDI: Umesikia, mwalimu? Unaniambia nitupe chuma cha Japani kilichopanda Kamachumu miaka yote hii, niweke mahali pake chuma kisichojulikana baba yake. Hii ya zamani angalau nimeshaiona kazini.

MAMA: Kazini ndiko ilikochemkia, fundi.

Kicheko. Lakini fundi amegusa jambo zito, na mwalimu analijua. Bolti mpya ina thamani pale tu unapojua ni bolti gani.

MWALIMU: Kichwa chake kinasema. Bolti za vipimo vya kimataifa zimeandikwa namba mbili zenye nukta katikati: 8.8, 10.9, 12.9. Ya kwanza zidisha kwa 100, unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali. Ya pili ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo bolti inastahimili kabla haijaanza kuvutika bila kurudi. Kwa hiyo 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kuvutika hivyo kwenye 640. Hiyo 10.9 ni 1,000 na 900.

MWANAGENZI: Mbona hizi za Toyota zina namba moja tu? Hii ya mabano ya altaneta ina 7.

MWALIMU: Swali zuri. Toyota wana hesabu yao ya Kijapani. Hiyo 7 ni 7T, maana yake kilo 70 kwa kila milimita moja ya mraba, karibu megapaskali 690. Zinaanzia 4T, zinapanda mpaka 11T. Kwa hiyo 7 ya Toyota iko chini ya 8.8, na 11 iko juu kidogo ya 10.9. Ukikuta 11 ukaweka 8.8 umeshusha daraja, hata kama bolti yenyewe inang'aa.

FUNDI: Na isiyoandikwa chochote?

MWALIMU: Hiyo fungia mlango wa banda la kuku.

MAMA: Basi niwasimulie yangu. Kuna fundi, si huyu, alipoteza bolti ya mabano ya pampu ya pawa stelingi. Akamtuma kijana duka la vifaa vya ujenzi, akaja na bolti yenye unene uleule. Ikaingia mizunguko miwili ikakataa. Akachukua spana yenye mkono mrefu. Ikaingia yote, tukashangilia. Baada ya wiki mkanda ukaanza kulia, bolti ikatoka yenyewe imebeba uzi wa tundu kama mahindi yaliyopukuchuliwa.

FUNDI: Hiyo naijua hata bila kuiona. Toyota, ule unene wa milimita 10, uzi wake una hatua ya 1.25. Wa dukani ni 1.5. Ukitaka kuzitofautisha haraka angalia spana: ya Toyota inashika 14, ya duka la ujenzi inashika 17. Kwa bolti nyembamba zaidi, ile ya spana 12, uzi unafanana, ndiyo maana watu wanazoea halafu wananaswa kwenye 14. Bolti halali inaingia kwa vidole mpaka karibu mwisho. Ukiona unaitafutia nguvu mapema, itoe.

Wanaodhani elimu ya gereji ni kubahatisha wamsikilize mzee huyu. Hakutaja kitabu hata kimoja, na kila alichosema ni sahihi.

MWANAGENZI: Mimi naona tuweke za 12.9, zile nyeusi za kufungulia ufunguo wa pembe sita. Ngumu kuliko zote. Tumalize ubishi.

MWALIMU: Ugumu si ndio tunaoutafuta hapa, mdogo wangu. Bolti ya hedi ni springi. Urefu wake, shingo yake nyembamba na chuma chake vimepangwa ili digrii 90 zile zizae mbano fulani. Ukileta chuma cha aina nyingine, robo ileile ya mzunguko inazaa mbano mwingine, na kitabu hakikusaidii tena. Tena chuma kigumu namna hiyo, kikipakwa madini ya kuzuia kutu bila uangalifu, kinaweza kukatika ghafla bila kutoa dalili. Weka daraja lilelile, urefu uleule, umbo lilelile.

FUNDI: Hapo tuko pamoja. Chuma hakitaki sifa. Na sisi wa Buhaya chuma tunakijua, wazee wetu walikiyeyusha kabla hao wa kitabu hawajazaliwa.

MWALIMU: Ni kweli. Pale Katuruka, karibu na Maruku, wataalamu wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kufua chuma ya zama za mbali sana. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Peter Schmidt aliwaomba wazee waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo wajenge tanuri upya, nao walijaribu zaidi ya mara moja mpaka wakafaulu, maana majembe ya kutoka Ulaya yalikuwa yameiua kazi yenyewe miaka mingi nyuma. Wasomi wenzake walibishana naye kuhusu maelezo yake ya namna tanuri lilivyopata joto. Lakini mzee, wale wazee wa tanuri hawakuwa na 3S.

FUNDI: Walikuwa na subira. Endelea.

MAMA: Niulize jambo la kijinga. Bolti ya hedi haizunguki, haisuguani na kitu. Imekaa tu. Inachoka na nini?

Si la kijinga hata kidogo. Kwa maoni yangu ndilo swali lililopaswa kuulizwa kwanza.

MWALIMU: Inachoshwa na joto, mama. Hedi yako ni alumini, bolti ni chuma. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kila ukiwasha gari asubuhi, hedi inanenepa kuliko bolti inavyorefuka, kwa hiyo inaivuta. Ikipoa, inailegeza. Hiyo bolti imeumbwa iistahimili. Lakini injini ikichemka mpaka hedi ikapinda, hedi imenenepa kuliko mwenye kuipanga alivyotarajia. Ni sehemu chache tu za mia za milimita, ila bolti iliyokwisha kufikishwa kwenye ukingo haihitaji zaidi. Inarefuka, na hairudi.

FUNDI: (baada ya kimya) Kwa hiyo unasema bolti ya injini iliyofunguliwa kwa ajili ya ringi si sawa na bolti ya injini iliyochemka.

MWALIMU: Nasema hivyo.

FUNDI: Hilo sikuwa nimelipa uzito. Bado sikubali "zote zitupwe". Nakubali kwamba hizi kumi zina kesi ya kujibu.

MWALIMU: Mzee, kuna habari ya ndege moja huwa nawaeleza wanafunzi. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliruka Birmingham kwenda Málaga. Dakika chache angani kioo cha mbele ya rubani kikang'oka. Rubani, Tim Lancaster, akavutwa nje mpaka kiunoni, wenzake wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akatua Southampton. Alipona. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa siku moja kabla. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa milimita kama 0.66 tu. Fundi alikwenda stoo na bolti ya zamani mkononi, akalinganisha kwa macho.

FUNDI: Bolti sita zilizobaki?

MWALIMU: Unene sahihi, ila fupi kuliko inavyotakiwa.

FUNDI: Na ile ya zamani aliyokuwa nayo mkononi?

MWALIMU: ...Nayo ilikuwa ya aina hiyo fupi. Kioo cha awali kilifungwa kwa bolti zisizo sahihi, na kilikaa nazo miaka minne.

FUNDI: Miaka minne angani!

Fundi anafurahi kama aliyeokota hela, na wengi mngedhani ameshinda. Mimi naona kinyume. Miaka minne ile ndiyo iliyomfanya yule fundi wa Birmingham aamini kwamba bolti iliyotoka ndiyo kipimo cha bolti ya kuingia. Inayotoka kwenye tundu inakuonyesha kilichokuwamo. Kilichostahili kuwamo kinasemwa na kitabu. Mafundi wetu huchukua bolti ya zamani mpaka dukani, huigonganisha na mpya, "saizi moja hii," wanalipa. Kama fundi wa kabla yako alikosea, umerithi kosa lake na kulinunulia jingine jipya.

MAMA: Nyie wote wawili mmenipa sababu. Sasa nipeni bei ya woga wangu. Zipi zikivunjika nalia, na zipi zikivunjika nanung'unika tu?

FUNDI: Za sampu, kava ya juu, mabano ya altaneta, nyumba ya themostati: utanung'unika. Oili itadondoka, maji yatatoka, mkanda utalia. Hizo bolti yoyote ya daraja lake na uzi wake, hata ya mtumba, inatosha. Za hedi zikilegea, gasketi inaungua, unarudi hapa tulipo. Za konirodi, mama... za konirodi utalia.

MWALIMU: Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni inasimama na kugeuza njia mara 6,000. Kila ikifika juu inataka kuendelea kwenda, na kinachoizuia ni bolti mbili nyembamba. Moja ikikatika, konirodi inatoka kupitia ubavu wa bloku. Hapo hujengi tena, unanunua injini.

MAMA: Hizo nane za konirodi nanunua mpya. Nimesikia. Hizi kumi je?

Mwalimu anataka kusema "mpya", fundi anataka kusema "zilezile". Wote wawili wanamtazama mwanagenzi, ambaye amesimama na kalipa mkononi.

Mimi niko upande wa kalipa. Hoja kama ilivyoandikwa, "zote zitupwe", imechukuliwa kwa watengenezaji wa Ulaya, ambao wengi huandika wazi kwamba bolti ya hedi ikifunguliwa haifungwi tena. Toyota, kwa injini zake nyingi, huandika jambo jingine: pima urefu, au pima unene pale penye kuvutika, ukipita kikomo tupa, usipopita rudisha. Ni ruhusa yenye sharti, na sharti lenyewe ni kupima. Gereji isiyopima haina haki ya kuitumia ruhusa hiyo, na gereji inayonunua boksi lisilojulikana bila kulipima haina faida yoyote juu yake.

FUNDI: Kijana, zisimamishe zote kumi juu ya kioo, kichwa chini. Sawa. Hizo mbili zinapita wenzake. Sasa chukua nati mpya, iteremshe kwa vidole kwenye kila moja. Inapokwama ndipo uzi ulipovutika.

MWANAGENZI: Tatu zinakwama. Zile mbili na hii.

MWALIMU: Pima shingo zake, linganisha na kikomo cha kitabu.

Mzee aliyekuwa akipinga ndiye anayeongoza upimaji. Hiyo mbinu ya nati hakuipata darasani, na mwalimu ametoa daftari anaiandika.

MAMA: Tatu mbovu. Nanunua tatu?

FUNDI: Hapana. Zote kumi zinakaa chini ya hedi moja. Saba zilizovutika kidogo na tatu mpya hazivuti sawa. Ama zote zinapita, ama seti nzima.

MWALIMU: Asante, mzee.

FUNDI: Usinishukuru, sijakubali hoja yako. Zingepita zote kumi ningezirudisha.

MUUZA SPEA: Seti ninayo, ya boksi.

MAMA: Lete, zipimwe hapahapa kwa nati hiyohiyo na kalipa hiyohiyo, kichwa kisomwe, uzi uingizwe kwa vidole kwenye bloku. Zikikataa unarudi nazo.

MUUZA SPEA: Mama, utanifungia duka.

MAMA: Zikipita nakulipa bila kupunguziwa.

Limebaki jambo ambalo mijadala ya bolti huliruka kila mara: kukaza. Bolti bora kuliko zote ikikazwa kwa hasira za mkono si bora tena. Kwenye kila sehemu 10 za nguvu unazotia kwenye spana, karibu 9 huliwa na msuguano, chini ya kichwa na ndani ya uzi, na moja tu ndiyo inayovuta bolti. Uzi wenye kutu au mchanga unadanganya: spana inasema 49, hedi inabanwa kwa nusu.

FUNDI: Tundu za bloku kwanza zisafishwe, zipulizwe na upepo. Maji au oili ikibaki chini, bolti ikishuka haina pa kwenda, inapasua bloku. Bolti ipakwe oili kidogo, kwenye uzi na chini ya kichwa. Kidogo. Si kuichovya.

MWALIMU: Na spana ya toki?

FUNDI: Ya kwetu imeharibika. Nitaazima.

MWALIMU: Ukikosa, nenda mwaloni, azima kwa wauza samaki ile mizani ya kuning'iniza. Nyutoni mita 49 ni kilo tano kwa mita moja. Chukua mkono wa spana wa nusu mita kutoka katikati ya bolti, funga mizani mwishoni, vuta kwa pembe mraba mpaka isome kilo 10. Ndiyo hiyo. Digrii 90 unaweka alama ya rangi kwenye kichwa, alama iliyotazama mbele ya gari iishie kutazama ubavuni.

FUNDI: Mizani ya sangara?

MWALIMU: Mradi uihakiki kwanza kwa kitu chenye uzito unaoujua. Wauza samaki nao wana mambo yao.

MAMA: Na hizi za zamani nazibeba mimi.

MUUZA SPEA: Za nini, mama? Vyuma chakavu hivyo.

MAMA: Ndiyo maana. Nisije nikazikuta kwenye duka la mtu zimeoshwa kwa petroli, zinaitwa za mtumba wa Japani.

Muuza spea anatazama simu yake.

FUNDI: Niachie mbili, mama. Nitazikata vichwa, nizisimamishe kwenye pembe za bloku ziwe za kuongozea hedi inaposhuka, gasketi isisogee.

MAMA: Chukua. Zikate sasa hivi nikiona.